Kofi la Mheshimiwa

Ukija kwetu ukataka kuzungumza na baba yangu, kaa kuliani kwake. Kushoto utapoteza maneno yako bure. Atakutazama, atatikisa kichwa kwa adabu, atasema "naam", na hatakuwa amesikia kitu. Wageni wanadhani ni uzee. Huniambia pole, wazee ndivyo walivyo, nami huwajibu kila mara, wala sichoki, kwamba sikio la baba yangu halikuzeeka. Lilipigwa. Aliyelipiga namjua, kijiji kizima kinamjua, na leo hii ninapoandika anakula mshahara wa serikali na ana dereva wa kumfungulia mlango.

Sitamtaja jina. Hata ofisi yake sitaitaja, maana kwetu anayemtaja mkubwa hufikishwa mahakamani upesi kuliko mkubwa mwenyewe, na mimi nina watoto wa kulea. Nitamwita Mheshimiwa, kwa sababu ndivyo alivyotaka kuitwa, hata na watu waliomzidi baba yake umri. Msomaji asinitarajie niandike kwa upole. Upole nimeshautumia, nimeutumia kwenye ofisi nyingi na kwenye mabenchi mengi, na haukunifikisha popote.

Mimi naishi Old Korogwe. Nimeolewa huko na Mshambaa mmoja mtaratibu ambaye akikanyagwa mguu huomba radhi yeye, na tunauza mchele na maharage. Wazazi wangu wako upande wa Handeni, katika kijiji cha Wazigua ambacho kina kila kitu isipokuwa maji. Mahindi yanakubali mvua ikija kwa wakati. Michungwa ipo. Maji ni ya lambo, na lambo hilo tunachota sisi na wanakunywa ng'ombe wa Wamasai, na hakuna wa kumlaumu mwenzake kwa sababu kiu haina kabila. Unachota maji yana rangi ya chai ya maziwa, unayaacha yatulie, unachuja kwa kitambaa, unachemsha kama kuni zipo. Mama yangu ana upara katikati ya utosi. Ndoo ndiyo iliyomnyoa.

Basi tulipoambiwa kwamba kisima kimechimbwa, bomba limefika, na Mheshimiwa mwenyewe anakuja kulifungua, mama alinipigia simu akaniambia nije nishuhudie. Nilifunga duka nikaenda. Nilivaa kitenge kipya kwa ajili ya bomba. Nikikumbuka kile kitenge hasira inanipanda hadi leo, maana nilikivaa kwa furaha ya kweli.

Uwanja ulipambwa kwa makuti. Kulikuwa na ngoma, kulikuwa na viti vya plastiki kwa wakubwa na nyasi kwa sisi wengine. Mheshimiwa alifika amechelewa, kama kawaida yao, akashuka, akapunga mkono, akaenda moja kwa moja kwenye bomba akafungua. Maji yakatoka. Meupe, yanapiga kelele kwenye ndoo. Wanawake tulipiga vigelegele mpaka koo zikauma, na mama yangu alikinga kiganja akanywa, akaniangalia huku anacheka, kidevu kinadondoka maji.

Kisha ikaja hotuba. Sitairudia, mnazijua hotuba zao. Alipomaliza aliuliza kama kuna mwenye neno, na hapo ndipo baba yangu alipoinuka.

Lazima nieleze jinsi mzee wa kwetu anavyozungumza mbele za watu. Hakurupuki. Huanza kwa salamu, salamu zikapokelewa. Akashukuru, akasifu kilichostahili kusifiwa, akamwombea mgeni afya. Jambo lenyewe huja mwishoni, kwa sauti ya chini, nalo huwa fupi. Baba alifanya hivyo vyote. Alimshukuru Mheshimiwa kwa kuacha shughuli zake, akawashukuru mafundi, akamshukuru Mungu. Halafu akasema, "Ila Mheshimiwa, mimi huamka mapema kuswali. Leo alfajiri nimeona boza la maji linajaza tangi la hili bomba. Sasa boza likishaondoka, mama watoto wangu akachote wapi?"

Watu walicheka. Nataka nikieleze vizuri kicheko kile, kwa sababu baadaye kiliitwa dharau, kikaitwa uchochezi. Hakikuwa dharau. Karibu kila aliyeamka mapema alikuwa ameliona lile boza, kila mmoja alikuwa amelimeza peke yake, na mzee mmoja alipolitema hadharani watu walipumua. Walicheka kama mtu aliyevua kiatu kinachombana.

Mheshimiwa alishuka jukwaani akatembea kuelekea kwa baba. Mimi niliona ni jambo zuri. Niliwaza, tazama, anakwenda kumpa mkono mzee, huyu kiongozi ana utu. Baba naye aliwaza hivyohivyo, maana aliihamishia bakora yake mkono wa kushoto ili mkono wa kulia uwe tayari, akaunyoosha. Alikuwa bado ameunyoosha alipopigwa.

Kofi lile lilisikika mpaka nyuma ya ngoma. Lilitua sikioni, upande wa kushoto, na kofia ya baba ikaruka ikaangukia nyasini. Baba hakuanguka. Aliyumba, akashika bakora kwa mikono miwili, akasimama. Nilichokiona usoni kwake hakikuwa maumivu. Ulikuwa ni mshangao wa mtu mzima anayejaribu kuelewa kama kweli jambo hilo limemtokea. Mheshimiwa akawaambia askari waliokuja naye wamweke ndani akajifunze adabu.

Adabu. Mtu aliyempiga mzee bila hata kumwamkia shikamoo ndiye aliyekuwa akimfundisha adabu.

Mimi nilipiga kelele. Nilisema maneno ambayo mume wangu aliposimuliwa alikaa chini. Wanawake walinishika mabega na kiuno wakanirudisha nyuma, wakiniogopea, na walikuwa na haki ya kuniogopea. Baba alipandishwa kwenye gari bila kofia yake. Simu zilikuwa zimenyooshwa juu wakati wa kofi, nyingi tu. Kabla ya magharibi watu fulani wa serikali walikuwa wamepita kila nyumba kwa sauti za upole, na simu zote zikawa hazina kitu.

Na boza? Kesho yake bomba lilitoa hewa. Keshokutwa yake halikutoa hata hewa.

Baba aliachiwa siku iliyofuata bila shtaka lolote, bila maelezo, kama mtu anavyofungulia mbuzi. Nilimchukua nikampeleka Korogwe kwangu. Damu ilikuwa imekauka shingoni na usaha umeanza. Tulipofika kutibiwa wakataka fomu ya polisi, ndio utaratibu kwa aliyepigwa, na polisi ndio waliokuwa wamemlaza ndani. Nikarudi kule nikaomba fomu. Kwa heshima. Mganga alipomtazama sikio alituambia kiwambo kimechanika, kile kigozi cha ndani kinachopokea sauti, na kwa umri wake asitarajie kirudi vizuri. Baba akauliza kiasi gani kitarudi. Alimuuliza mganga akiwa amemgeuzia sikio lililoumia, mganga akajibu, na baba akaendelea kusubiri jibu.

Pale ndipo nilipojua ninataka nini. Sikutaka fidia. Ndugu walionishauri fidia niliwafukuza dukani. Nilitaka jambo moja, na baba alilitaka hilohilo, tulikubaliana jikoni kwangu bila maneno mengi: mtu yule asimame mbele ya hakimu, asomewe alichokifanya kwa sauti, naye aulizwe, ni kweli au si kweli? Basi. Afungwe asifungwe, hilo tulimwachia hakimu.

Mwanzoni tulidhani inawezekana. Nawaambieni ukweli, tulidhani. Polisi walipokea malalamiko, jalada likafunguliwa, akapangwa mpelelezi, kijana mwenye mwandiko mzuri ambaye aliandika maelezo ya baba kwa uvumilivu mkubwa. Redioni wakubwa wa wakubwa walisema wamesikitishwa. Walisema uchunguzi unaendelea. Walisema hakuna aliye juu ya sheria. Sentensi hiyo siku hizi nikiisikia huzima redio, lakini wakati ule niliongeza sauti, nikamwita baba aje asikilize kwa sikio lake zima. Watu wa kijijini waliokuwa wakitukwepa wakaanza kutusalimia tena. Wengine wakakubali kutoa ushahidi. Wamasai wa lambo walituma ujumbe kwamba na wao waliona, na wao watasema.

Baba aliporudi kijijini alirudi na matumaini. Na hapo ndipo Mheshimiwa alipomtembelea.

Siku hiyo nilikuwa Magoma kununua mchele. Niliyajua yote baadaye kutoka kwa mama, na kila mara nikimwomba anisimulie tena huanza palepale, kana kwamba anataka nione kwamba hakukuwa na mlango mwingine wa kupitia. Ilikuwa Ijumaa, watu wametoka msikitini. Akasikia hodi. Akatazama, akaona Mheshimiwa amesimama uani amevaa kanzu, viatu amevivua, yeye na mwenyekiti wa kijiji na mtu mmoja mwenye simu tu. Hakuna askari. Hakuna gari, gari lilikuwa limeachwa barabarani. Baba alikuwa amekaa barazani. Mheshimiwa akainama akasema, "Shikamoo mzee."

"Angefanyaje?" mama huniuliza hapo. "Mgeni yuko mlangoni, ametoa shikamoo."

Baba alijibu marahaba. Alisema karibu. Kisha akainuka mwenyewe, akakamata jogoo, akamchinja.

Kwa asiye wa kwetu hili litaonekana wazimu. Kwa sisi si wazimu hata kidogo. Mtu akishavuka uani akapiga hodi akaitikiwa, hata awe mtu uliyegombana naye shamba kwa shamba, ni mgeni, na mgeni hatoki kwako na njaa. Babu yangu alimlisha mtu aliyekuwa akimdai mpaka wa shamba kwa jeuri, akamlisha vizuri, na kesho yake wakaenda wote barazani kwa wazee kuendelea kuparurana. Chakula hakikufuta kitu. Chakula ni wajibu wa mwenye nyumba. Ugomvi huishia kwingine: aliyekosa hukaa mbele ya wazee, akalitaja kosa lake kwa kinywa chake, akasema nimekosa, na aliyekosewa akasema nimesikia. Pasipo maneno hayo hamjapatana, hata mkila pamoja mwaka mzima. Watoto wa kwetu wanalijua hilo kabla ya kujua kusoma.

Mama akasonga bada, ule ugali wetu wa muhogo. Akamnawisha mgeni mikono kwa maji ya lambo, na anasema Mheshimiwa aliyatazama yale maji yakimwagika mikononi mwake, ya rangi ileile ya chai. Walikula sinia moja. Baba alimwachia firigisi. Mheshimiwa alizungumza habari za mvua, habari za bei ya mahindi, akasifu kuku wa kienyeji. Alipokuwa akinawa mara ya pili ndipo akasema, "Mzee wangu, yaliyopita si ndwele, tugange yajayo." Baba hakusikia vizuri, mgeni alikuwa amekaa kushoto kwake. Aliitikia naam.

Hiyo ndiyo naam yao. Hiyo ndiyo waliyoipeleka mbele.

Picha ilinifikia kwenye simu nikiwa nasimamia magunia. Mheshimiwa na baba, mikono yao imo kwenye sinia moja, Mheshimiwa anatabasamu, baba ameinamisha kichwa akimmegea mgeni. Chini yake wameandika kwamba kiongozi mnyenyekevu amejumuika na mzee wetu katika chakula cha mchana, tofauti zimekwisha, amani imetawala. Watu walikuwa wakiweka mioyo na mikono ya kuomba. Mfanyabiashara mwenzangu aliniuliza kama nimepata habari ya msiba. Nikamwambia ndiyo.

Nilifika kijijini jioni. Nimeshasema nina hasira, na nilimpelekea baba hasira ambayo haikuwa yake. Nilimwambia amemlisha mtu aliyemtoboa sikio. Mama akaniambia nishushe sauti, nikamwambia nikishusha hatasikia. Baba alinisubiri nimalize. Akanijibu kwa Kizigua, taratibu, kwamba amemlisha mgeni. Mgeni ni mambo ya nyumba yake. Kesi ni mambo ya mahakama. Alishangaa kwamba mtoto aliyemzaa mwenyewe anavichanganya. "Hakutaja kosa," alisema. "Alikula tu. Kesho na kesho kutwa tutaonana naye kwa hakimu."

Aliamini hivyo, na nilipomtazama nami nikaona aibu kwa sababu kwa mila zetu yeye ndiye aliyekuwa sahihi. Lakini kuna kitu ambacho hadi leo hakinitoki. Mheshimiwa hakuwa mgeni wa mila zetu. Ni mtu wa mkoa huuhuu. Mama yake amesonga bada kama mama yangu. Alijua kwamba baba hawezi kumfukuza mtu aliyempa shikamoo uani kwake, na alijua vilevile kwamba chakula hakifuti kosa. Alijua yote mawili, na alijua pia kwamba wale wa juu, walio mbali, wangeliona sinia tu. Alikuja kuwinda, na alichokiwinda ni utu wa baba yangu. Angekuja na bahasha tungemtupia bahasha yake. Alikuja mikono mitupu kwa sababu alijua tutamjazia.

Wiki chache baadaye tuliitwa na mpelelezi. Nilimpitia baba tukaenda pamoja. Kijana yule wa mwandiko mzuri hakututazama usoni. Alimwambia baba, kwa lugha ya kiofisi, kwamba jalada limefungwa kwa kuwa mlalamikaji na mlalamikiwa wamepatana kwa njia za kijamii, na serikali inahimiza maridhiano. Akageuza simu yake akatuonyesha picha. Alikuwa nayo kwenye simu yake mwenyewe.

Baba aliniuliza amesema nini. Nikamwambia sikioni. Tangu aumie haupimi tena ukubwa wa sauti yake, hujikuta anazungumza kwa nguvu kama anayemwita mtu wa ng'ambo ya mto, na watu wote waliokuwa kwenye benchi nje walimsikia.

"Kuku nilimpa," baba alisema. "Sikio sikumpa."

Hakuna aliyecheka. Mpelelezi aliinamisha kichwa, akapanga kalamu zake. Kisha akasema kwa sauti ndogo, akinisemesha mimi, kwamba hata yeye ana mkubwa wake, na mkubwa wake ana mkubwa wake. Nilimwambia basi twende kwa huyo wa mwisho. Akaniambia mama, huyo wa mwisho ndiye aliyepiga simu.

Hatukukoma hapo, ingawa ningeweza kukoma hapa kuandika. Tulikwenda mpaka Tanga mjini, ofisi hii na ile. Kila mahali tulipokelewa vizuri, hilo nalo linaudhi, tulipewa viti, baba aliamkiwa shikamoo na kila mtu mpaka nikaanza kulichukia neno hilo. Kila mahali walikuwa na picha. Wakili mmoja mzee, mtu mwema, alituambia tunaweza kujaribu kufungua shauri wenyewe, ila mashahidi tumewaona? Nikarudi kuwatafuta mashahidi. Huyu amehamia kwa mwanawe. Yule siku ile alikuwa amegeuka anatazama ngoma. Mwingine aliniambia wazi, na nilimheshimu kwa uwazi wake: "Mwanangu, baba yako mwenyewe amekula naye. Mimi niende kugombana kwa ajili ya nini?" Wamasai wa lambo peke yao hawakubadilisha neno. Walisema wataondoka na ng'ombe kiangazi kikikaza, wakiitwa kabla ya hapo watakuja. Hakuna aliyewaita.

Mwaka huohuo mwanamume mmoja wa Makuyuni alikamatwa kwa kuiba kuku. Mteja wangu, mkewe alikuwa akinunua maharage kwangu. Mashahidi walipatikana, hakimu alipatikana, gari la kumpeleka gerezani lilikuwa na mafuta. Alifungwa. Hakuna aliyefunga safari kwenda kuuliza kama yeye na mwenye kuku wanaweza kula sinia moja yakaisha. Nilipoisikia habari hiyo nilikuwa napima mchele, nikaumwaga. Mume wangu alianza kuuokota punje kwa punje sakafuni, na nilimpenda kwa hilo na nikataka kumpiga teke.

Halafu siku moja ikatangazwa kwamba Mheshimiwa ameondolewa. Uteuzi umetenguliwa. Kijijini walishangilia, mama alinipigia simu akilia kwa furaha, na baba alivaa kanzu yake ya Idi akakaa barazani akipokea watu. Tangazo lilikuwa na maneno machache mwishoni ambayo hakuna aliyeyatilia maanani: atapangiwa kazi nyingine. Sisi wengine tukimpiga mtu tunapangiwa gereza. Wao hupangiwa kazi nyingine. Akapangiwa, kabla hata ya mavuno, mkoa mwingine, kazi kubwa kuliko ile, gari jipya. Alipoapishwa aliahidi kuwatumikia wanyonge, na watu walipiga makofi. Nilipima mwenyewe kama nimwambie baba. Nilimwambia. Aliivua ile kanzu, akaikunja vizuri, akampa mama airudishe sandukuni.

Aliyeletwa badala yake alikuwa kijana, ana miwani, anaongea taratibu. Alikuja kijijini kwetu kuitisha mkutano, palepale uwanjani, karibu na bomba lile ambalo sasa watoto hulitumia kufungia kamba za kuruka. Safari hii hakukuwa na jukwaa. Aliwasalimia wazee mmoja mmoja. Alitueleza mipango, na kwa haki yake niseme hakudanganya kuhusu maji. Alisema kisima kilichimbwa vibaya na yeye hana jibu la karibu. Mwishoni akauliza kama kuna mwenye swali.

Hakuna aliyenyanyua mkono. Nilitazama huku na huku. Watu wazima, wenye midomo mikubwa kwenye harusi na kwenye vilabu, wanatazama vidole vya miguu yao. Wanawake wanaojua kila anayeiba chumvi mtaani, kimya. Akauliza tena, akatabasamu, akasema msiogope. Kimya kilikuwa kizito hadi ng'ombe wa lambo walisikika. Na mimi nikaelewa kofi lile lilikuwa limefanya nini. Nilikuwa nikihesabu sikio moja siku zote hizi, kumbe aliwapiga wote. Aliwafunga midomo kwa mpigo mmoja, kisha akaenda zake kupandishwa cheo.

Nikasimama. Nilikuwa nimekaa na baba nyasini, mama akanivuta kitenge, nikakitoa mkononi mwake. Sikuanza kwa salamu wala shukrani. Nilimuuliza kijana yule, "Aliyempiga baba yangu kofi hapa hapa atashtakiwa lini?"

Alivua miwani akaifuta. Sidhani alikuwa mtu mbaya. Alisema, "Mama, mambo ya mwenzangu aliyetangulia mimi siwezi kuyazungumzia. Tuzungumze maendeleo." Akanishukuru kwa swali langu zuri. Akaniambia naweza kukaa. Kisha akageukia upande wa pili kuuliza kama kuna mwingine mwenye neno, na sauti za watu zikaanza kunijia kwa chini, kaa dada, kaa, utatuletea matatizo, kaa.

Baba alinigusa mguu kwa bakora yake. Niliinama hadi kwenye sikio lake zima.

"Kasemaje?" akaniuliza, kwa ile sauti yake asiyoipima, na uwanja wote ukanyamaza.

"Hajajibu, baba."

Alitazama mbele.

"Basi usikae," akasema.